Tayari Kufa, Ila Siyo Wiki Hii

Jumapili, 3 Agosti 1986

Leo tumemzika jirani yangu Keraryo. Kumzika ni kusema tu. Tumemfukia. Padri hakuja. Kwaya haikuimba. Ile rimu ya lori tunayoigongaga pale kigangoni badala ya kengele haikugongwa hata mara moja. Katekista wetu Bernado alisimama nje ya uzio, akasali sala fupi kama mtu anayewahi basi la Musoma, akafunga kitabu, akaondoka. Hata chai hakunywa, na Bernado kukataa chai si jambo dogo.

Sababu inajulikana. Keraryo alikaa na mwanamke mpaka kufa bila ndoa ya kanisani, na jumuiya alikuwa anaendaga siku ambayo kuna chakula. Kanisa likasema huyu si wetu. Shughuli yote iliisha kabla jua halijawa kali. Mwaka jana ng'ombe wangu alipokufa tulichukua muda zaidi.

Nimerudi nyumbani najihesabu. Maana kati yangu mimi, Nathanieli Masatu, na marehemu Keraryo, tofauti ni moja tu: yeye amekufa. Ndoa ya kanisani sina. Ng'ombe za mahari nilipeleka zote, wazee wakala, wakashiba, mke nikachukua. Mtoto wetu wa kwanza, Esta, tulimbeba mgongoni. Sasa ameolewa na anabeba wa kwake. Na miaka yote hiyo, kila padri akija, Ursula wangu anabaki benchi la nyuma pamoja na mimi wakati wenzake wanakwenda mbele kupokea Komunyo. Uchumba sugu! Ndivyo Bernado anavyotuita, tena kwenye matangazo, watu wote wanasikia.

Ursula ameomba ndoa mpaka amechoka kuomba. Sijamkatalia hata siku moja. Huwa nasema tusubiri pamba iuzwe. Pamba imeuzwa kila mwaka.

Ukweli nauandika humu peke yake. Yupo Helena, mjane wa Buhemba, anawauziaga pombe wachimba dhahabu. Hakuna kitu kati yetu. Alinichekea. Siku nyingine akaniongezea kikombe bila kuombwa. Basi. Lakini ndoa ya kanisani ni mlango, ukifungwa umefungwa, na mwanaume mwenye akili hafungi mlango wakati huko nje kuna mtu anaweza kubisha hodi.

Ila nataka kengele. Nataka kwaya nzima, na padri amevaa zambarau, na Bernado asimame ndani ya uzio. Na huko juu nikifika, nisiulizwe maswali mengi. Nikikumbuka ule udongo ulivyokuwa unaanguka juu ya zile mbao, naogopa. Naogopa sana.

Lazima kuna njia.


Jumatatu, 4 Agosti

Njia ipo!

Asubuhi nilikwenda kwa Bernado na sato mnono, nimemfunga kwa kamba ya katani. Nikasema nimepita tu kusalimia. Bernado alimwangalia sato, hakuniangalia mimi. Tukaongea habari za mvua, za sabuni ambayo sasa imejaa madukani lakini hainunuliki, halafu pole pole nikamwingiza kwenye mambo ya Mpako wa Mafuta. Nikasema nauliza kwa ajili ya rafiki.

Bernado akaeleza vizuri. Mgonjwa akizidiwa, padri anakuja na mafuta matakatifu, anampaka kwenye paji la uso na mikononi, na dhambi zake zinasamehewa. Nikauliza, hata kama hawezi kuziungama kwa mdomo? Akasema hata kama hawezi kusema. Nikauliza tena. Akarudia: hata kama hawezi kusema. Akaendelea kusema maneno mengine yanayoanza na "ila," lakini mimi nilikuwa nimeshasimama natafuta kofia yangu.

Mpango ni huu. Naugua. Naugua vibaya, siwezi kusema. Padri anakuja, ananipaka, anaondoka. Halafu napona. Niko safi kama nilivyozaliwa, ndoa sijafunga, na Bernado hana la kusema.

Kwa nini nisisubiri kufa kwenyewe? Kwa sababu Padri Felisian anakuja huku kwetu kwa kubahatisha. Pikipiki ana, petroli hana. Na Keraryo alianguka huku anacheka, hakupewa hata nafasi ya kukohoa. Sote tumeishi hii miaka ya shida. Ukiona mafuta ya taa dukani, hungoji taa yako izimike ndipo ununue.

Tatizo ni homa. Mtu hawezi kufa na mwili wa baridi. Nikakumbuka shuleni: kitunguu! Unaweka kwapani, unabana, mwili unawaka moto. Nimetwaa kimoja jikoni, Ursula hajaona.


Jumanne, 5 Agosti

Nimeugua.

Nilichagua kuangukia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, asubuhi, mitumbwi ikirudi, watu wengi. Nilianguka vizuri sana. Kosa langu ni kwamba niliangukia kwenye dagaa za akina mama zilizokuwa zimeanikwa, na wakati natazamia kusikia vilio nikasikia kwanza maneno ya dagaa. Baadaye mmoja akasema huyu mbona hasemi, ndipo wakashtuka. Wamenileta nyumbani nimefungwa kwenye karia ya baiskeli.

Ursula alikuwa anamenya muhogo. Hakupiga kelele. Alinivua viatu, akanifuta dagaa usoni, akaweka mkono karibu na kwapa akaona moto. Halafu akaingia ndani akatoa khanga yake mpya, ile aliyosimama foleni Musoma siku nzima kuipata, hajaivaa hata kanisani. Akanifunika nayo. Akakaa chini kando ya kitanda ameshika mguu wangu, machozi yanamtoka taratibu, anayafuta kwa kiganja ili nisione.

Niliona aibu. Ikanishika kama dakika mbili tatu. Halafu nikajiambia hii yote ni kwa faida ya roho yangu, na roho yangu ikipona yeye pia atafurahi.

Bernado ametumwa parokiani kwa baiskeli kumwita padri. Nimemsikia akiondoka, anapuliza pumzi kama jogoo aliyefukuzwa. Safi!

Haya naandikia chooni. Tumbo nalo nimelishika mbele yao, na mgonjwa wa tumbo akienda choo hakuna anayemuuliza, na penseli inakaa kwenye soksi. Kasoro moja: mtu asiyeweza kusema hawezi kuomba ugali. Hili sikulifikiria.


Jumatano, 6 Agosti

Padri hakuja. Amekwenda Musoma kutafuta petroli.

Watu ndio wamekuja. Habari hazitumii petroli. Saa nne dada yangu Boke alikuwa ameshashuka kutoka Bunda. Boke anauza mitumba siku hizi. Zamani tulikuwa tunavaaga viraka juu ya viraka, sasa marobota yanaingia kama mvua, na yeye amenenepa nayo. Alilia mlangoni vizuri, jinsi dada anavyotakiwa kulia. Halafu akafungua furushi akatoa suti. Suti nyeusi, ya mzungu mkubwa sana. Suti ya kunizikia!

Akaipima juu yangu nikiwa nimelala. Mikono imepita vidole. Akamwambia Ursula, wifi yangu usihangaike kukunja, akishalala haitaonekana. Nilibana meno. Mtu anasemwa hivyo na ndugu wa tumbo moja, na hawezi kujibu!

Mchana jumuiya ikaja kusali rozari. Rozari ikaisha, watu hawakuondoka. Nikasikia kisu kinanolewa. Beberu wangu! Yule wa Krismasi! Walimchinja chini ya dirisha langu. Harufu ikaingia, ikakaa na mimi chumbani mpaka jioni. Mimi nikapewa maji ya uji kwa kijiko, kidogo kidogo, nisipaliwe. Bernado aliporudi alipewa maini. Nilimsikia anasifu maini. Alisema mzee Masatu alikuwa anajua kufuga.

Alikuwa!


Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya kuliko zote.

Makongoro amefika. Makongoro ni mtoto wa baba yangu mdogo, anakaa Butiama, na tangu utoto kila nilicho nacho yeye anakitaka. Nilipata baiskeli, akaiazima. Nilipanda kahawa, akaja kuing'oa miche kwa ajili ya kwake. Leo amekuja na kofia mpya.

Hakuanza kwa mgonjwa. Alianza kwenye zizi. Nilimwona kwa dirisha anawapiga ng'ombe wangu makofi mgongoni. Kisha akaja kwenye nyumba, akatikisa nguzo ya baraza kuona kama ni imara. Ndipo akaingia kunitazama, akatikisa kichwa, akatoka. Sala hakusali.

Halafu akaanza wema. Ndoo za maji! Makongoro hajabeba ndoo tangu atoke tumboni, leo amekwenda ziwani na kurudi mara nne, kofia kichwani. Ule mlango wa jikoni ulioning'inia, ambao nilikuwa nimemwahidi Ursula kuutengeneza, yeye kautengeneza. Unafunga vizuri. Umekuwa unafunga na kufunguka mchana kutwa, nadhani kwa makusudi ili nisikie.

Jioni wazee wa ukoo walikaa barazani naye. Ukuta wangu ni wa udongo, kila kitu kinapita. Walizungumza pole pole jinsi watu wanavyozungumza mgonjwa akiwa karibu. Desturi ni desturi: mume akiondoka, mke anabaki kwenye ukoo, ndugu anamchukua. Makongoro akasema yeye hawezi kumwacha shemeji yake apate shida. Akasema na ng'ombe pia hatawaacha wapate shida.

Ursula alikuwa anapita na sufuria. Akacheka kidogo. Kidogo tu, kama mtu aliyechoka. Lakini alicheka! Hajacheka toka nianguke, na aliyemchekesha ni Makongoro!

Moto wa leo haukuwa wa kitunguu. Nilitaka kuruka kitandani nitoke na blanketi langu nimshike kofia. Nikajizuia. Nikiruka leo, nani atalipa beberu? Watu watasema nini? Na mafuta ya padri sijapata.

Ndipo nikamsikia dada Boke jikoni. Alikuwa anamwambia Ursula kwa huruma kwamba pole wifi yangu, ungekuwa na ndoa ya kanisani ungeweza kuwakatalia hawa wazee, maana kanisa haliruhusu mjane kurithiwa, na padri mwenyewe angesimama na wewe. Sasa huna pa kushika.

Nimekaa chooni muda mrefu leo. Helena wa Buhemba upande mmoja, Makongoro upande mwingine. Nimepima, nimepima tena. Bado sijui.


Ijumaa, 8 Agosti

Ya leo ni mengi.

Padri Felisian alifika saa tano kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Petroli Musoma alikosa. Ni mzee, amekuja kilomita zote hizo kwa pedali kwa ajili yangu, na aliomba maji tu. Akavaa stola, akawatoa watu wote nje aniungamishe.

Nikaonyesha mdomo, nikatikisa kichwa: siwezi kusema. Akasema hakuna shida. Akakaa kwenye kiti. Akasubiri. Padri huyu anajua kusubiri. Akanishika paji la uso, akasema la baridi. Akanishika mkono, akasema wa baridi. Akauinua mkono wangu aone kwapa.

Kitunguu kilidondoka. Kilibingirika chini mpaka kwenye kiatu chake. Akakiokota, akakinusa, akakitia mfukoni mwa kanzu.

Nikasema, "Padri, nisamehe." Maneno yangu ya kwanza tangu Jumanne.

Akasema mafuta yale ni ya wagonjwa, na mimi sina ninachoumwa isipokuwa njaa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote kwa haraka, kwa kunong'ona: Keraryo, na ile rimu, na udongo, na woga. Nikamweleza na Makongoro na ndoo zake. Hapo padri alicheka. Alicheka bila sauti, mabega yanatikisika, mpaka akafuta macho kwa stola. Nikadhani mambo yameisha vizuri.

Kisha akaacha kucheka.

"Mzee Masatu, wewe umefikiria kifo chako wiki nzima. Sasa niambie: akifa yeye?"

Sikuelewa. Akarudia. Akifa Ursula leo, kabla yangu. Huyu mama asiyekosa jumuiya, anayefagia kigango kila Jumamosi, anayewaoshea wagonjwa wa watu. Bernado atasimama wapi?

Nje ya uzio.

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Miaka yote hiyo, kila nilipowaza kaburi nilijiona mimi ndani yake na yeye juu analia. Sasa nikamwona yeye, na zile mbao, na rimu imenyamaza, kwa sababu yangu. Nililia. Padri alishuhudia kwamba kitunguu kilikuwa mfukoni mwake.

Akasema nina njia mbili. Ya kwanza, nitoke naye barazani niwasalimie watu waliomla beberu wangu, niwaeleze. Ya pili hakuitaja, alimwita tu Ursula ndani. Nikachagua ya pili. Nitasema ukweli: Ursula alikuwa wa kwanza moyoni mwangu wakati ule, lakini Makongoro alikuwa wa pili, karibu sana.

Tumefunga ndoa. Mimi kitandani, nimekaa, nimevaa koti la suti ya kuzikiwa, mikono imekunjwa na Boke. Ursula amesimama na gauni lake la kazi, unga wa muhogo mpaka viwiko. Mashahidi Boke na Bernado. Bernado akauliza, je, ndoa haitangazwi kwanza? Padri akamjibu kwamba Bernado mwenyewe ametutangaza kila Jumapili tangu yeye padri ahamie parokia hii, na kama kuna mtu mwenye pingamizi amekuwa na muda wa kutosha. Rozari ikazungushwa kwenye mikono yetu miwili. Nilipoulizwa nilisema nakubali kwa nguvu, wasikie mpaka zizini. Ursula alisema yake kwa sauti ndogo sana, halafu padri akamwomba arudie, akarudia. Mkono wake ulikuwa na unga ndani ya wangu. Nikaubana.

Padri akatoka akawaambia watu mzee Masatu hafi leo, apewe ugali. Hakusema uongo hata neno moja. Vigelegele! Wazee wa jumuiya wakasema ni nguvu za sakramenti. Nyama ya msiba ikawa nyama ya harusi, na Bernado akaanza upya. Makongoro alivua kofia, akavaa tena, akasema anafurahi sana.

Padri alinong'ona tu wakati wa kuniaga: kitubio changu atakisikiliza kesho pale kigangoni, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, na mdomo unaofanya kazi.

Usiku mboga ilikuwa na kitunguu. Ursula alinipakulia kingi. Na mimi nilikula chote.


Jumapili, 10 Agosti

Misa nzuri. Watu wengi. Rimu iligongwa na mimi nikiwa hai, jambo ambalo nalo lina raha yake.

Jana sikuungama. Sababu zipo. Foleni ilikuwa ndefu. Bernado alikuwa nyuma yangu, na yule mtu ana masikio ya sungura. Tena nilipofika karibu nikaanza kujiuliza kama ile ya Buhemba ni dhambi kweli au ni mazungumzo tu ya biashara, na mtu hawezi kwenda mbele ya padri hajajua. Nikampisha Bernado. Nikawapisha na wengine. Nikarudi nyumbani kuangalia ng'ombe.

Ursula aliungama. Leo wakati wa Komunyo alisimama. Sikuzoea. Nilimshika kidogo nguo, kwa mazoea tu, kama mtu anayemwambia mwenzake kaa, siyo sisi. Akaitoa nguo yake mkononi mwangu bila hasira, akaenda mbele. Alivaa ile khanga. Akina mama wa kwaya wakamwona anakuja, mmoja akashindwa kuimba. Nao wengine wakaharibu wimbo, watu wakawa wanalia na kuimba.

Aliporudi alipiga magoti akafunika uso. Mabega yake yalikuwa yametulia. Sijawahi kuyaona yametulia vile, hata akilala.

Miaka yote hiyo benchi lile tulikaa wawili. Leo nilikuwa peke yangu na mlevi mmoja wa Murangi. Iliniuma. Naandika kama ilivyo: iliniuma kuliko nilivyodhani. Nimeahidi moyoni kwamba kesho kutwa nitakwenda kuungama. Au siku nyingine ya wiki hii.

Makongoro amerudi Butiama na paja la beberu. Mlango wa jikoni bado unafunga vizuri.


Alhamisi, 14 Agosti

Kesho ni sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Padri amerudi kigangoni kusikiliza vitubio. Ursula alinipigia pasi suruali tangu asubuhi, makaa aliyatafuta kwa jirani. Akaiweka juu ya kiti. Hakuniambia vaa. Aliiweka tu.

Nilikuwa najiandaa. Kweli kabisa. Mguu mmoja ulishaingia. Ndipo Bernado akapita kutupongeza, na kuona kama kuna chai. Kuna. Huku anakunywa akaanza mafundisho yake ya ndoa, kwa kuwa sisi tulifunga bila kufundishwa. Akasema tangu Ijumaa sisi siyo watu wawili tena. Ni mwili mmoja.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia arudie. Akarudia: mwili mmoja, mbele za Mungu.

Mwili mmoja! Miaka mingapi nimekaa kanisani na sijawahi kulisikia vizuri hili neno! Maana kama ni mwili mmoja, Ursula akipokea, nimepokea. Ursula akifunga, mimi nimefunga, hata kama nimekula. Mdomo wa mwili ni mmoja, na mdomo wa kuungama katika nyumba hii ni wa Ursula, ameuzoea, hauoni haya. Kumbe ile hofu yote ya nini? Kitunguu cha nini? Niko tayari tangu Jumapili na nilikuwa sijui!

Nikauvua ule mguu suruali.

Bernado alipoondoka nilimweleza Ursula kwa utaratibu. Nikamwambia kwa kuwa anakwenda, basi akimaliza za kwake amtajie padri na za kwangu. Nikamtajia ili asisahau. Yale maziwa niliyotia maji. Jirani niliyemsingizia kuhusu mpaka wa shamba. Siku niliyosema nipo kwenye mkutano wa ushirika. Ursula alikuwa anaitikia kwa kichwa, amesimama mlangoni, rozari mkononi, ananisikiliza vizuri sana. Sijawahi kusikilizwa hivyo. Nikaona nimalize kwa uangalifu, nikamwambia ile ya Buhemba asiitaje, maana yenyewe sina hakika kama inahesabiwa.

Akauliza Buhemba ipi.

Nikasema, ya dhahabu.

Akauliza nani yuko Buhemba.

Nikasema hakuna mtu. Nikasema ni mjane tu. Nikasema ni kikombe tu, tena sikukiomba. Kadiri nilivyokuwa naeleza ndivyo ilivyokuwa inazidi kuwa ndefu.

Ursula alirudi ndani. Akaweka rozari mezani taratibu. Akavuta kiti, akakaa karibu na mlango, mikono magotini. Sauti haikupanda hata kidogo.

"Vaa suruali, baba Esta. Tunakwenda wote. Utamtajia mwenyewe, na mimi nitakaa benchi la kwanza nikusubiri."

Nikasema tumbo. Nikashika tumbo. Nikasema ni vile vile kama wiki ile, limenishika ghafla, siwezi kutembea, nisije nikafia njiani.

Sasa niko chooni. Tumbo haliniumi. Ursula amehamisha kiti, amekaa huko nje mbele ya mlango, namwona kwa tundu la matete. Hana haraka. Amesema nichukue muda wangu. Amesema kama nikizidiwa nikafia humu humu nisiwe na wasiwasi wowote, yeye ni mke wangu wa ndoa, ataniitia padri, nitazikwa na kwaya, na rimu itagongwa mpaka mkono umuume anayegonga.

Nimefarijika sana kusikia hivyo. Kumbe mazishi yangu yameshakamilika! Basi kuungama hakuna haraka. Nitakaa humu mpaka padri aondoke.